Gidon Kremer: alishinda Moscow mwaka 1970, kisha sifa yote akaipeleka kwa watunzi walio hai

MtiWaMpingo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi mwingine humu ndani kuna mchangiaji aliandika kwamba muziki wa majaribio ni kimbilio la walioshindwa kupiga Bach (yule mtunzi mkubwa wa Ujerumani wa karne ya 18). Niliisoma sentensi ile mara tatu. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu langu ni refu kuliko uzi wenyewe. Kwa hiyo nimekuja nalo hapa, na nitalijibu kwa maisha ya mtu mmoja: mpiga fidla Gidon Kremer.

Alizaliwa Riga, Latvia, tarehe 27 Februari 1947. Baba mpiga fidla, mama mpiga fidla, babu mzaa mama naye mpiga fidla na mwalimu. Baba yake alikuwa Myahudi aliyenusurika mauaji ya Wanazi pale Riga, lakini mke wake wa kwanza, binti yao mchanga na ndugu zake wengi hawakunusurika. Gidon ni mtoto wa ndoa iliyofuata. Fidla aliishika akiwa na miaka 4, na kwa baba kama yule hapakuwa na suala la kuishika kwa mchezo.

Mwaka 1965 akaenda Moscow kusoma kwa David Oistrakh. Wasiomjua Oistrakh: katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule hakukuwa na jina kubwa zaidi kwenye fidla. Alikaa naye miaka 8. Na hapo ndipo yalipoanza mashindano. Mwaka 1967 Brussels, shindano la Malkia Elisabeth, akashika nafasi ya tatu (wa kwanza alikuwa Philippe Hirshhorn, naye kijana wa Riga vilevile, mji mmoja, washindi wawili kwenye jukwaa moja). Mwaka 1969 Genoa, shindano la Paganini, wa kwanza. Mwaka 1970 Moscow, shindano la Tchaikovsky, wa kwanza.

Sasa tulieni hapo. Kijana wa miaka 23, ana nishani ya Tchaikovsky, mwanafunzi wa Oistrakh. Njia ilikuwa wazi kama barabara ya lami: Tchaikovsky, Brahms, Beethoven, Sibelius, zunguka dunia, rudia mwaka unaofuata. Na aliweza. Mwaka 1976 alirekodi koncheto ya Brahms na kiongozi wa okestra Karajan na okestra ya Berlin, rekodi ambayo mpaka leo ukiisikia hutasema huyu alishindwa kitu. (Koncheto, kwa wageni wa mambo haya, ni utungo ambao mpigaji mmoja anasimama mbele ya okestra nzima wanajibizana.)

Wakati huohuo alikuwa anakwenda kwenye nyumba za watunzi wa Moscow ambao serikali haikutaka kuwasikia.

Nitaendelea jioni, naitwa kazini.

---

Fundi_Nyuzi

Nimeweka kambi hapa mkuu. Mimi nafundisha watoto fidla, Jumamosi na Jumapili. Usisahau kusema yeye alipiga fidla ipi, maana kwetu mafundi hilo nalo ni jambo.

---

Mwana wa Mkunazini

Ahsante ndugu yangu kwa uzi. Sisi huku Unguja fidla tunaijua kwa taarabu. Ikhwani Safaa ni chama cha mwaka 1905 na fidla bado zimo. Huyu bwana jina lake nilishaliona kwenye santuri, sikuwahi kumsikiliza. Nangoja.

---

MtiWaMpingo

Nimerudi.

@Fundi_Nyuzi, kwa miaka mingi alipiga Guarneri del Gesù ya mwaka 1730, kisha akahamia kwenye Nicola Amati ya mwaka 1641. Amati sauti yake si kubwa kama Guarneri. Ni chombo kinachozungumza badala ya kupiga kelele, na nadhani uchaguzi huo unamweleza Kremer vizuri kuliko maneno mengi.

Turudi Moscow. Kulikuwa na mtunzi anaitwa Alfred Schnittke, aliyezaliwa mwaka 1934. Mkate wake aliupata kwa kutunga muziki wa filamu, filamu zaidi ya 60. Muziki wake mwenyewe ulipigwa kwa tabu, kwa kibali, mara nyingi mbali na mji mkuu. Mwaka 1977 akaandika Concerto Grosso namba 1: fidla mbili mbele, okestra ya nyuzi nyuma yake, na mtu mmoja kwenye hapsikodi (kinanda cha kale ambacho ndani yake nyuzi hudonolewa) na kwenye piano iliyotiwa vitu baina ya nyuzi zake ili ilie kama kengele iliyopasuka. Ukisikiliza utadhani uko karne ya 18 na Vivaldi, kisha sakafu inaondoka chini ya miguu yako. Halafu, bila kubisha hodi, linaingia tango. Tango la kudansia! Fidla mbili za onyesho la kwanza, Leningrad, Machi 1977, zilikuwa za Kremer na Tatiana Grindenko.

Na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Schnittke alikuwa haruhusiwi kirahisi kutoka nje ya nchi. Mwaka uleule Kremer alikuwa na ziara ya Ujerumani na Austria pamoja na okestra ndogo ya Lithuania. Schnittke akawekwa kwenye orodha kama mpiga kinanda wa okestra. Mtunzi akavuka mpaka akiwa amekaa nyuma ya hapsikodi, akiupiga muziki wake mwenyewe mbele ya watu ambao vinginevyo wasingemwona. Nani alikuwa na uzito wa kufanya jambo hilo liwezekane? Aliyekuwa na nishani ya Tchaikovsky. Mimi nasema nishani ile haijawahi kufanya kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Ndiyo maana siikubali kabisa ile hoja ya kimbilio. Mtu anayekimbilia mahali huwa hana pa kwenda kwingine. Huyu alikuwa na mahali pote pa kwenda.

---

Kijana_wa_Kaloleni

Mkuu mimi ndiye niliyeandika ile sentensi kule kwenye uzi mwingine, na ninaisimamia kwa sehemu. Sikumsema Kremer. Niliwasema wale wanaokwaruza fidla dakika arobaini na kutuambia hatuelewi. Concerto Grosso nimeisikiliza leo baada ya kusoma uzi wako, ni kweli ni kazi. Lakini hiyo ina melodia, ina tango, ina Vivaldi ndani yake. Hayo si majaribio, ni muziki wa kawaida uliovunjwa. Nipe mfano wa majaribio halisi halafu tuongee.

---

MtiWaMpingo

@Kijana_wa_Kaloleni nashukuru kwa kujitokeza, hilo ni la kiungwana. Mfano wako unakuja, usiondoke. Lakini kabla yake niruhusu Estonia, maana iko mwaka uleule na watu walewale.

Arvo Pärt alikuwa ametoka kwenye ukimya wa miaka, ametafuta namna mpya ya kutunga yenye sauti chache mno, kama mtu anayehesabu punje. Eri Klas, aliyekuwa anaongoza okestra Tallinn, alitaka kazi ya kuwekwa kwenye onyesho moja na Concerto Grosso ya Schnittke, kwa vyombo vilevile. Pärt akaleta Tabula Rasa. Tarehe 30 Septemba 1977, Tallinn: Kremer na Grindenko kwenye fidla, na kwenye ile piano iliyotiwa vitu akakaa Schnittke mwenyewe.

Fikirini hali ya wapigaji. Wamezoea kurasa nyeusi kwa nota. Wanafungua karatasi ya Pärt, inakaribia kuwa nyeupe. Sehemu ya kwanza ina mwendo kidogo. Sehemu ya pili, Silentium, kwa macho ni nota za mwanafunzi wa mwaka wa pili. Huwezi kujificha popote. Nota moja ndefu juu kabisa ya fidla, polepole, na ukitetemeka kidogo ukumbi mzima unajua.

Rekodi ilifanyika Bonn Novemba 1977, kwenye ziara ileile niliyoitaja. Ilikaa hadi mwaka 1984 kampuni ya ECM ilipoitoa, ikiwa sahani ya kwanza ya mfululizo wao wa New Series. Sahani hiyohiyo ina Fratres ambayo Kremer anaipiga na Keith Jarrett, mtu wa jazi, kwenye piano. Wengi duniani waliomjua Pärt walimjua kupitia sahani hiyo.

---

Fundi_Nyuzi

Hili la nota chache naomba nilikazie kama mwalimu. Wanafunzi wangu wakiona wimbo wa haraka wanaogopa, wakiona wa polepole wanafurahi. Mimi ni kinyume. Kwenye wimbo wa haraka kosa linapita na nota yake. Upinde ukienda polepole, mkono wa kulia unaanza kusema ukweli wote: bega limekaza, kidole gumba kimebana, uzito umekimbilia kwenye kitako cha upinde. Kuvuta nota moja kwa sekunde kumi na mbili bila kuchafuka ni zoezi la kila asubuhi, na mimi baada ya miaka ishirini bado nalifanya. Mtu anayeweza Silentium ameshapita kwa Bach. Hakuna njia ya pembeni.

---

Mwana wa Mkunazini

Nimesikiliza Fratres. Ndugu yangu, pale mwanzo fidla inapokimbia peke yake kupita nyuzi zote, moyo wangu ulishituka, kisha piano inapiga mara moja kama mlango. Nauliza: hawa wa Ulaya wanaruhusu robo sauti, zile zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya piano? Maana sisi kwenye maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) tunazo, na mpigaji aliyezoea piano hazisikii kabisa.

---

MtiWaMpingo

@Mwana wa Mkunazini Pärt hazitumii. Schnittke anazo tele, na kwenye Concerto Grosso zipo, sikiliza pale fidla mbili zinapokaribiana mpaka zinagongana. Sikio lako la taarabu litazikamata haraka kuliko langu.

Sasa Gubaidulina, mtunzi mwingine wa Moscow.

Sofia Gubaidulina (alifariki Machi 2025, Mungu amrehemu) aliwahi kupanda teksi moja na Kremer Moscow, na njiani Kremer akamwambia kwa kifupi tu: kwa nini usiniandikie koncheto? Yeye Kremer huenda alisahau. Mama yule hakusahau. Aliandika Offertorium.

Naieleza jinsi ilivyojengwa kwa sababu ni jambo la ajabu. Mwaka 1747 mfalme Frederick wa Prussia alimpa Bach melodia fupi aitungie. Gubaidulina anaanza na melodia hiyohiyo, lakini ameigawa: chombo hiki kinapiga nota moja au mbili, kingine kinapokea, kama habari inayopita mdomo kwa mdomo. Nota ya mwisho haifiki. Kisha melodia inarudi, imekatwa nota moja mbele na moja nyuma. Inarudi tena, imekatwa tena. Kila mara inatoa kitu chake mpaka inabaki nota moja. Jina lenyewe maana yake ni sadaka. Na mwishoni kabisa inajengwa upya, nota kwa nota, lakini imegeuzwa, nyuma mbele, kiasi kwamba huitambui tena, na fidla inaipanda kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Ilipigwa mara ya kwanza Vienna, Mei 1981. Mtunzi hakuwepo. Mnamo Novemba 1979 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina saba yaliyolaaniwa hadharani kwenye mkutano wa chama cha watunzi wa Kisovyeti, kosa lao ni muziki wao kupigwa nje. Kremer naye kufikia wakati huo alikuwa amebaki Ulaya Magharibi, tangu mwaka 1980. Na kule ugenini akaibeba Offertorium mji kwa mji. Angeweza kubeba Tchaikovsky tu, ukumbi ungejaa vilevile na malipo yangekuwa yaleyale.

---

Bi_Ughaibuni

Habari zenu kaka na dada. Nasoma kimya tangu mwanzo. Mimi naishi Ujerumani, kazi yangu ni uuguzi, muziki nimeupendea ukubwani kwa sababu ya jirani yangu mzee aliyekuwa na tiketi mbili na mtu mmoja.

Offertorium niliisikia ukumbini, si kwa Kremer, kwa mpigaji mwingine. Sikujua habari za melodia kukatwa. Nilichohisi ni kwamba kuna kitu kinapungua na sikujua ni kipi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye wodi ya wazee. Pale mwisho fidla ilipopanda nilijikuta nalia, yule mzee akanipa leso bila kuniangalia. Leo ndiyo nimejua kwa nini. Asante sana kaka MtiWaMpingo.

---

Kijana_wa_Kaloleni

Pole dada na hongera. Nimeisoma hiyo na nimenyamaza kidogo.

Ila bado nadai mfano wangu.

---

MtiWaMpingo

Unakuja huu hapa. Luigi Nono, mtunzi wa Venice. Huyu ndiye majaribio yenyewe, Kaloleni, bila tango na bila Vivaldi.

Februari 1988 Nono alimwita Kremer kwenye studio ya majaribio ya sauti mjini Freiburg, Ujerumani. Siku kadhaa Kremer alipiga chochote: vipande vya watunzi wengine, nota za kubuni, upinde ukipita juu kabisa karibu na daraja la nyuzi ambako sauti inakuwa kama glasi, mti wa upinde badala ya nywele zake, zile sauti za filimbi zinazotoka ukiugusa uzi bila kuubonyeza. Nono akarekodi yote, pamoja na viti kusogezwa, milango na watu wakizungumza. Kisha akachagua na kupanga kanda nane.

Halafu akaandika sehemu ya fidla ya kupigwa moja kwa moja pamoja na kanda hizo. Kazi inaitwa La lontananza nostalgica utopica futura, na jina la Kremer limo kabisa kwenye kichwa chake. Berlin, tarehe 3 Septemba 1988, ndiyo ilipigwa mara ya kwanza, na siku za mwisho kabla ya onyesho Nono alikuwa bado anaandika.

Namna ya kuipiga: nota ziko sehemu sita, zimewekwa kwenye stendi sita zilizotawanywa, na katikati yake kuna stendi nyingine tupu. Mpigaji anamaliza ukurasa, anatembea. Anafika kwenye stendi, haina kitu, anaendelea kutafuta. Spika zimezunguka ukumbi, na kwenye spika ni yeye mwenyewe, yule wa Februari, anayejibu. Mtu wa kanda ana uhuru wa kufungua na kufunga anavyosikia. Kwa hiyo hakuna maonyesho mawili yanayofanana. Nono aliona maandishi kwenye ukuta wa nyumba ya watawa Toledo, Hispania, yanayowaambia wasafiri kwamba njia hakuna, kuna kutembea tu. Kazi zake kadhaa za mwisho zimetoka humo. Alifariki Mei 1990.

Nakiri ilinichukua miaka kuipenda. Mara ya kwanza nilizima. Mara ya tatu nilizima taa badala ya redio.

---

Kijana_wa_Kaloleni

Nimejaribu. Dakika 25 nikaacha. Nasema kweli tu kaka, nimesikia ufundi lakini sijasikia kilichonishika mkono. Labda mtu lazima awepo ukumbini amwone anatembea. Kwenye simu na spika moja, kazi ya spika nane inakufa. Hilo si kosa la Nono, lakini si kosa langu pia.

---

MtiWaMpingo

Sina ubishi na hilo hata kidogo. Kazi ile ni ya mahali. Tumia angalau visikizio viwili vya masikio siku ukijaribu tena, upate kushoto na kulia.

---

Mpita_Njia_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Uzi mzuri sana, lakini acheni nipinge kidogo. Kama tunaongea majaribio kwenye fidla, Kremer si jina la kwanza. Kuna Paul Zukofsky wa Marekani, na kuna Irvine Arditti wa Uingereza.

Kisa chao nitawapa kwa ufupi. Mwaka 1977 mtunzi wa Marekani John Cage alianza kuandika Freeman Etudes za fidla pekee. Nota alizipata kwa kuweka karatasi juu ya ramani za nyota na kupiga bahati nasibu: wapi pa kuweka, kwa nguvu gani, kwa upinde wa aina gani. Zukofsky ndiye aliyekaa naye kumwambia mkono wa binadamu unafika wapi na hauwezi kufika wapi. Kufikia mwaka 1980 zilikuwa 17, na Cage akaacha, akiona zilizofuata hazipigiki. Miaka inapita. Kisha anamsikia Arditti akizipiga zile za kwanza kwa kasi ambayo hakuitarajia. Akarudi mezani, akamaliza zote 32 mwaka 1990, miaka miwili kabla ya kufa.

Hapo ndipo naona majaribio yenyewe: mpigaji anasukuma ukuta wa kinachowezekana. Kremer alichagua watunzi wenye hisia, watunzi wa sala na majonzi. Sio vibaya. Lakini ni kitu kingine.

---

MtiWaMpingo

Karibu sana ndugu wa Nakuru, na kisa hicho ni cha dhahabu. Nakubali nusu. Ukitaka kujua mwisho wa uwezo wa mkono, nenda kwa Arditti. Na Zukofsky ndiye aliyepiga koncheto ya fidla ya mtunzi Philip Glass mara ya kwanza mwaka 1987. Kremer aliirekodi baadaye na okestra ya Vienna.

Nusu ninayoikataa ni hii. Jaribio la Kremer lilikuwa kuviweka vitu viwili kwenye chumba kimoja. Arditti alijenga maisha yake ndani ya muziki mpya, wasikilizaji wake wanajua wanachokifuata. Kremer alimpeleka Schnittke kwa mtu aliyenunua tiketi kwa ajili ya Beethoven. Tena alimleta ndani ya Beethoven mwenyewe! Sikilizeni ile rekodi ya mwanzo wa miaka ya 1980 na kiongozi wa okestra Marriner. Katika koncheto ya Beethoven kuna mahali okestra inanyamaza na mpigaji anaachiwa uwanja peke yake, panaitwa kadenza. Kremer alipiga kadenza ya Schnittke. Unasikia Beethoven, kisha ndani yake vinapita vivuli vya koncheto za fidla zilizokuja baadaye, Brahms, Berg, Bartók, Shostakovich, na ngoma inagonga yale mapigo ya mwanzo wa kazi. Watu walikasirika. Walisema amechafua kaburi. Mimi nilipoisikia nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba Beethoven alikuwa na wajukuu.

---

Fundi_Nyuzi

Na ile aliyorekodi na kiongozi wa okestra Harnoncourt, miaka ya 1990, ambayo katikati ya kadenza inaingia piano? Mwanafunzi wangu mmoja alidhani faili limeharibika.

---

MtiWaMpingo

Hiyohiyo mkuu. Na piano ile si uzushi. Beethoven mwenyewe aliigeuza koncheto hii iwe ya piano, na kwenye toleo hilo aliandika kadenza zake. Kremer akasema, kama kadenza pekee alizoziandika Beethoven kwa kazi hii ni za piano, basi piano na iwepo. Ndivyo alivyokuwa: ukimwita mwasi anakuonyesha karatasi ya Beethoven.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1981 alianzisha tamasha Lockenhaus, kijiji cha Austria karibu na mpaka wa Hungary, pamoja na padre wa pale. Ratiba ilikuwa inaamuliwa kulingana na nani yupo na nini kimeiva mazoezini. Aliliongoza miaka 30. Mwaka 1997, akitimiza miaka 50, akaunda Kremerata Baltica, okestra ya vijana wa Latvia, Lithuania na Estonia. Wakapiga kazi ya Vivaldi iitwayo Misimu Minne ikipishana na Misimu Minne ya Piazzolla wa Buenos Aires, ikawa misimu minane. Mwaka 2002 wakapata Grammy kwa sahani ya Mozart.

Na uzeeni akampata mtunzi Mieczysław Weinberg, Myahudi wa Warsaw aliyekimbilia Umoja wa Kisovyeti na kufia Moscow mwaka 1996 akiwa amesahauliwa na wengi. Weinberg aliandika preludi 24 (vipande vifupi) za selo pekee, ile ndugu ya fidla iliyo kubwa na yenye sauti nene. Kremer alizihamishia kwenye fidla na kuzipiga huku nyuma yake zikionyeshwa picha za Antanas Sutkus, mpiga picha wa Lithuania. Baba yake Kremer alipoteza watu wake Riga. Weinberg alipoteza wazazi na dada yake. Sidhani alipaswa kueleza kwa maneno kwa nini alizichagua.

---

Bi_Ughaibuni

Kaka, hapo kwa Weinberg umenigusa. Watu wazima wanaokumbuka ndugu ambao hawakuzikwa, mimi nawaona kazini kila siku. Wengine hawasemi kitu, wanapiga vidole tu kwenye meza.

---

Mwana wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Nimekaa siku mbili bila kuandika. Nilifanya jambo moja: nimewachukua vijana watatu wa fidla tunaofanya nao mazoezi, nikawawekea Silentium kwa spika nzuri, usiku baada ya isha, madirisha wazi. Sikuwaambia ni nini.

Mmoja aliuliza katikati, "Inaanza saa ngapi?" Nikamwambia imeshaanza. Akanyamaza.

Pale mwisho fidla zinapoacha, sauti inashuka kwenye vyombo vinene, chini zaidi, mpaka inabaki besi peke yake, halafu hakuna. Tukawa tunasikia bahari na pikipiki moja mbali. Nikangoja waseme. Hakuna aliyesema. Yule aliyeuliza akachukua fidla yake, akavuta nota moja ndefu kwenye uzi wa wazi, polepole sana, akiutazama upinde. Ilichafuka katikati. Akairudia.

@Fundi_Nyuzi, hizo sekunde kumi na mbili ulizozisema, unaanzia kwenye kitako cha upinde au kwenye ncha?

---

Fundi_Nyuzi

Wa alaykum salaam. Anzia kwenye ncha, kwa kupandisha. Huko hakuna uzito wa kukusaidia, kwa hiyo hutajidanganya. Mwambie ahesabu kwa sauti, na asibane kidole gumba. Nitakuandikia zoezi zima hapa kesho asubuhi, na mwenye swali lingine la upinde aliweke tu.